Vernon, majira ya machipuko na nafasi tupu kati ya maneno mawili

Mwalimu, umeniandikia kwamba ulikutana na kaulimbiu ya ukoo wa Vernon wa Uingereza, "Ver non semper viret", katika vitabu viwili, kimoja kikiitafsiri kuwa "majira ya machipuko hayawi ya kijani siku zote" na kingine kuwa "Vernon hustawi siku zote". Unauliza ni mfasiri yupi aliyekosea, kama ni kweli kwamba Waingereza na Waayalandi walicheza na maneno katika jambo zito kama ngao ya ukoo, na ni kwa njia gani utawaeleza wanafunzi wako mchezo huo kwa Kiswahili bila kuuharibu. Hakuna aliyekosea. Tafsiri zote mbili ni sahihi na zote mbili zilikusudiwa, ingawa moja inakanusha kile ambacho nyingine inakithibitisha.

"Ver" ni majira ya machipuko, "non" ni kikanushi, "semper" ni daima, na "viret" ni kitenzi chenye maana ya kuwa na rangi ya majani mabichi, na kwa hiyo kusitawi. Maneno hayo manne yakikaa mbalimbali, yanatoa onyo la unyenyekevu kwamba hata msimu wa majani mabichi hupita. Mawili ya kwanza yakisogezwa mpaka yakagusana, kikanushi kinamezwa na jina la mwenye ngao, na onyo linageuka kuwa majigambo. Hakuna herufi hata moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni nafasi tupu baada ya herufi ya tatu, na nafasi hiyo mchonga mawe aliweza kuipanua au kuibana apendavyo.

Kiswahili kinauwezesha mchezo huo huo, na hapo ndipo ningekushauri uanzie darasani. Andika ubaoni neno ALISHINDA kwa herufi kubwa na uwaulize wanafunzi maana yake. Watakuambia kuwa ni kitenzi cha wakati uliopita, kwamba fulani alipata ushindi. Kisha waambie kwamba neno hilo limechongwa juu ya mlango wa nyumba ya mtu anayeitwa Ali. Ghafla wataona "Ali, shinda!", amri kwa mtu ambaye kazi yake ingali mbele yake, katika herufi zile zile zilizokuwa zikitoa habari ya jambo lililokwisha. Mwanafunzi aliyeona hilo kwa macho yake mwenyewe ameshaielewa kaulimbiu ya akina Vernon kabla hajajifunza neno moja la Kilatini. Wala jamii yetu si ngeni katika jambo hili, kwa kuwa jina la kanga limekuwa likisema jambo moja kwa mpita njia na jingine kwa jirani aliyekusudiwa.

Wataalamu wa ngao huziita ngao za namna hii kwa majina ya sauti: Wafaransa husema ni ngao zinazosema, na Waingereza hutumia neno lililotokana na kuimba, maana ngao yenyewe inaliimba jina la mwenyewe. Ni vyema kutambua kwamba nia haikuwa kuchekesha peke yake. Ukoo wenye ardhi na cheo ulirithishana jina kama ulivyorithishana mashamba, na kulificha jina hilo ndani ya sentensi ya Kilatini yenye maana nzuri kulikuwa ni kudai kwamba maadili yaliyotajwa yalikuwa ndani ya jina lenyewe tangu mwanzo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa akina Neville. Kaulimbiu yao ni "Ne vile velis", yaani "Usitamani lililo duni". Neno "vile" hapa halina undugu na "vile" letu. Ni sifa yenye maana ya kitu cha bei ndogo, cha hali ya chini, kisicho na heshima. "Ne" ni kikatazo, na "velis" ni "utake". Maneno mawili ya kwanza, yakisomwa bila kupumua, ni Nevile, na hiyo ni tahajia mojawapo ya jina la ukoo. Mambo yangeishia hapo, ingekuwa ni kaulimbiu nzuri miongoni mwa nyingine. Hata hivyo, mwaka 1574 Mary Neville aliolewa na Thomas Fane, na mwana wao Francis akapewa cheo cha Earl wa Westmorland mwaka 1624, cheo ambacho hapo kabla kilikuwa cha akina Neville mpaka walipokipoteza kwa kushiriki uasi wa kaskazini wa mwaka 1569 dhidi ya Malkia Elizabeth I. Kaulimbiu ya akina Fane ikawa "Ne vile fano". "Fanum" ni hekalu, na "fano" ni "kwa hekalu", kwa hiyo sentensi husema: "Usilete kilicho duni hekaluni". Sasa lisikilize kwa sikio la pili: Nevile, Fane. Katika maneno matatu kuna agizo la uchaji, kuna jina la mama, kuna jina la baba, na kuna dai la kwamba cheo kilichopotea kimerudi kwa damu ile ile kupitia mwanamke. Sijui hati ya ndoa iliyo fupi kuliko hiyo.

Katika mfano unaofuata utakutana na kikwazo ambacho mimi mwenyewe nilikutana nacho. Kaulimbiu ya akina Fairfax ni "Fare fac". Ni amri mbili za kawaida, "nena" na "tenda", na kwa Kiswahili zinatoa tafsiri nzuri mno: "Nena, tenda". Ukoo huo ndio uliomtoa Thomas Fairfax, jemadari aliyekabidhiwa jeshi jipya la Bunge mwaka 1645 katika vita dhidi ya Mfalme Charles I, na mtu angeweza kusema kwamba alikuwa na haki ya kaulimbiu hiyo. Mimi nilijifunza Kilatini seminarini, kwa matamshi ya Kanisa, ambayo ndani yake kila irabu hutamkwa wazi kama katika Kiswahili, na kwa miaka mingi niliyasoma maneno hayo "fa-re fak" bila kusikia chochote. Jina haliko katika matamshi ya Roma. Liko katika kinywa cha Mwingereza, ambaye akiona "fare" anakumbuka neno la lugha yake lenye mlio ule ule wa mwanzo wa Fairfax. Waingereza walikuwa na desturi ya kusoma Kilatini kwa sauti za Kiingereza, na desturi hiyo ilidumu katika shule zao mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, wasomi walipoanza kurudisha matamshi yanayokaribia ya Warumi wa kale. Kwa hiyo kaulimbiu hizi ni kumbukumbu ya namna watu fulani walivyotamka maneno, na mtu anayezisoma kwa usahihi wa Kirumi huupata ujumbe na kulikosa jina.

Kuna kaulimbiu nyingine ambazo mchezo wake haumo katika Kilatini hata kidogo. Ukoo wa Onslow, uliotoa Maspika watatu wa Bunge la Uingereza, akiwemo Arthur Onslow aliyekalia kiti hicho kuanzia 1728 hadi 1761, ulijichagulia "Festina lente", yaani "Fanya haraka polepole". Ni hekima ya kale ambayo Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anaeleza kwamba Kaisari Augusto alipenda kuitaja, yeye akiitaja kwa Kigiriki. Katika Kilatini hakuna kilichofichwa. Ni mpaka uligawe jina Onslow katika Kiingereza ndipo upate maneno mawili yenye maana ya "endelea" na "polepole". Na hapa pana ushahidi mzuri kwamba fumbo haliko katika maneno peke yake: koo za akina Plunkett wa Ayalandi, wakiwemo mabwana wa Dunsany, wana kaulimbiu hiyo hiyo, herufi kwa herufi, na kwao haifichi chochote. Ni nasaha tu. Maneno yale yale yakiwekwa kando ya jina moja yanakuwa fumbo, yakiwekwa kando ya jingine yanabaki kuwa methali.

Nyingine nitazitaja kwa upesi. Akina Cavendish wana "Cavendo tutus", "salama kwa kujihadhari". Akina Fortescue wana "Forte scutum salus ducum", "ngao imara ni usalama wa viongozi", ambayo inalieleza jina lao lenyewe, kwa kuwa lina ngao ndani yake. Akina Temple walichukua maneno ya Zaburi, "Templa quam dilecta", "jinsi yapendezavyo maskani yako", kwa sababu tu jina lao ni hekalu.

Kwa ukoo wa Cole, hata hivyo, lazima nitulie, kwa sababu habari yao inafika mpaka kwetu. Hawa walikwenda Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, mwanzoni mwa karne ya 17, wakati serikali ya Uingereza ilipokuwa ikiwapa wageni ardhi iliyochukuliwa kutoka kwa Waayalandi, na William Cole ndiye aliyeujenga mji wa Enniskillen. Wazao wake wakawa Earl wa Enniskillen, makao yao yakiwa Florence Court katika Fermanagh. Kaulimbiu yao ni "Deum cole, regem serva". Jina la ukoo ni amri: "cole", yaani "abudu". Vitabu vingi vya Kiingereza huitafsiri sentensi nzima kuwa "Mwabudu Mungu, mtumikie mfalme", na sehemu ya pili nashauri uisahihishe, kwa kuwa "serva" linatokana na kitenzi cha kulinda na kuhifadhi, si cha kutumikia. Kufanana kwake na neno la Kiingereza la kutumikia kumewapotosha watu. "Mwabudu Mungu, mlinde mfalme" ndiyo tafsiri iliyo sawa.

Kitenzi cha kwanza ndicho chenye kina. "Colere" katika Kilatini kina maana ya kuabudu, na pia kina maana ya kulima na ya kukaa katika ardhi. Kutokana nacho Warumi walipata "colonus", mkulima aliyepewa kipande cha ardhi, na "colonia", makazi ya watu wa namna hiyo katika nchi iliyotekwa. Ndilo neno lililotufikia sisi kama koloni. Ukoo huo ulipata utajiri wake kwa kupanda wageni katika ardhi ya wengine, na wana wa Earl wa 4 wa Enniskillen, Galbraith na Berkeley Cole, walikuja Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 kufanya jambo lile lile. Dada yao Florence alikuwa mke wa Lord Delamere, kiongozi wa walowezi. Galbraith alikuwa na shamba kubwa kando ya ziwa Elmenteita, na mwaka 1911 alimuua kwa risasi mtu aliyemshuku kuiba kondoo. Jopo la walowezi wenzake likamwachia huru, na serikali ya kikoloni ikamfukuza nchini kwa muda. Sidai kwamba aliyeitunga kaulimbiu hiyo aliyawaza haya yote. Nadai kwamba neno alilolichagua kwa ajili ya mlio wake lilikuwa na maana ya tatu, na kwamba wazao wake waliitimiza maana hiyo katika nchi mbili.

Miji ya Ayalandi inacheza mchezo wa aina nyingine, unaohitaji msomaji awe na shairi zima kichwani. Kaulimbiu ya Cork ni "Statio bene fida carinis", "maegesho ya kuaminika vyema kwa merikebu". Kwa mji wenye bandari kubwa ya asili, ni sifa ya haki, na mtu anaweza kuisoma na kupita. Lakini mvulana yeyote aliyepitia shule ya Kilatini alikuwa amekariri kitabu cha pili cha Aeneis, utenzi wa Virgilio, mshairi wa Kirumi, na humo mshairi anakieleza kisiwa cha Tenedos, ambako Wagiriki walijificha na merikebu zao huku watu wa Troya wakidhani wamekwisha kwenda zao. Mahali hapo Virgilio anapaita "statio male fida carinis", maegesho ambayo merikebu haziwezi kuyaamini. Cork ilibadili neno moja, "male" likawa "bene", na kwa neno hilo moja ikajieleza kuwa kinyume cha bandari ya hila. Asiyejua shairi anasoma tangazo. Anayelijua anasikia mji ukijibishana na Virgilio.

Limerick ilichukua kutoka kitabu cha kwanza cha shairi hilo hilo, na matokeo yake ni ya huzuni. "Urbs antiqua fuit studiisque asperrima belli": "Palikuwa na mji wa kale, mkali mno katika mambo ya vita." Ni vipande vya mistari miwili vilivyounganishwa, na kilichoachwa katikati ni jina la mji unaosifiwa, Karthago. Limerick ilizingirwa mwaka 1690 na tena mwaka 1691, na mkataba uliotiwa saini hapo mwaka huo wa 1691 ndio uliomaliza vita vya wafuasi wa Mfalme James II katika Ayalandi. Mwenye kujua kwamba Virgilio anaisifu Karthago kwa sababu msomaji wake anajua iliteketezwa, na mwenye kuangalia kwamba kitenzi ni "fuit", "palikuwa", hawezi kuisoma kaulimbiu hiyo kama majigambo matupu. Waterford, kwa kulinganisha, inasema wazi wazi: "Urbs intacta manet", "mji unabaki bila kutekwa", sifa iliyopewa na Mfalme Henry VII baada ya mji huo kumkataa Perkin Warbeck, aliyekuwa akikidai kiti cha mfalme huyo.

Unaweza kuuliza ni nani katika Ayalandi aliyekuwa na uwezo wa kusikia haya yote. Walikuwa wengi kuliko inavyodhaniwa. Karne ya 18, wakati sheria ziliwakataza Wakatoliki kuendesha shule, walimu waliwafundisha watoto kwa siri katika vibanda na kando ya nyua za miti mashambani, na Kilatini kilikuwa miongoni mwa masomo, kwa kuwa ndicho kilichomfungulia kijana mlango wa upadri katika vyuo vya Ulaya. Waprotestanti wa Dublin nao walikipata katika shule zao. Watu ambao hawakukubaliana juu ya mfalme wala juu ya misa walikuwa wamekariri Virgilio yule yule.

Jonathan Swift, aliyezaliwa Dublin mwaka 1667 na kuwa mkuu wa kanisa kuu la Mtakatifu Patrick mjini humo kuanzia 1713, aliufikisha mchezo huu mbali kuliko mtu mwingine yeyote. Yeye na rafiki yake Thomas Sheridan, mwalimu wa shule, waliandikiana vipande ambavyo kwa macho ni Kilatini na kwa masikio ni Kiingereza. Kimojawapo ni hiki:

Mollis abuti,
Has an acuti,
No lasso finis,
Molli divinis.

Kikisomwa kwa sauti, Mwingereza anasikia wimbo wa mapenzi: Moll ni mrembo, ana jicho kali, hakuna msichana aliye mzuri kama yeye, Molly ni wa mbinguni. Jambo ambalo wengi hawaliangalii, nami nakuomba uliangalie, ni kwamba hakuna neno hata moja hapo ambalo si Kilatini halali. "Mollis" ni laini, "abuti" ni kutumia vibaya, "has" ni hawa, "an" ni neno la kuulizia, "acuti" ni wenye ncha, "no" ni naogelea, "lasso" ni kwa aliyechoka, "finis" ni mwisho, "divinis" ni kwa vitu vya kimungu. Kamusi itakubali kila neno na sarufi itakataa kila sentensi. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeijua lugha kwa undani, kwa sababu asiyeijua angelazimika kubuni maneno.

Husimuliwa pia kwamba Swift alimwona mwanamke akipita karibu na fidla, na vazi lake pana, la aina iliyoitwa mantua, likaikokota fidla hiyo ikaanguka, naye akautamka mstari wa Virgilio: "Mantua vae miserae nimium vicina Cremonae", "Ole, Mantua, uliye karibu mno na Cremona yenye bahati mbaya!" Mantua na Cremona ni miji ya Italia; Cremona ni maarufu kwa mafundi wa fidla, na fidla zake ziliitwa kwa jina la mji. Katika shairi lenyewe mstari huo ni kilio cha wakulima walionyang'anywa mashamba ili wapewe askari wastaafu. Swift hakubadili hata herufi.

Dublin ina kisa kingine cha namna hiyo, kinachomhusu mfanyabiashara wa tumbaku aliyeitwa Lundy Foot. Husimuliwa kwamba alipotajirika na kununua gari la farasi, alitaka kaulimbiu ya kuandika mlangoni mwake, na wakili John Philpot Curran, aliyejulikana kwa ulimi wake mwepesi, akampa maneno mawili: "Quid rides". Kwa Kilatini ni swali, "Unacheka nini?" Kwa Kiingereza, "quid" ni tonge la tumbaku ya kutafuna, na "rides" ni "hupanda gari". Wengi huishia hapo wakidhani Curran alimdhihaki mteja wake. Mimi naona alimpa silaha. Swali hilo ni la mshairi Horasi, na maneno yanayofuata katika shairi lake ni haya: badili jina tu, na kisa hiki kinakuhusu wewe. Bwana mkubwa aliyecheka kumwona muuza tumbaku akiwa na gari, ikiwa alisoma shule, aliukumbuka mstari uliobaki bila kuandikiwa.

Baadhi ya michezo hii ina uzito ambao haupaswi kupitwa haraka. Mwaka 1843 Jenerali Charles Napier aliiteka Sindh, ambayo leo ni sehemu ya Pakistani, na mpaka sasa watu husimulia kwamba alituma taarifa ya neno moja, "Peccavi", "nimetenda dhambi", ambalo likitafsiriwa kwa Kiingereza linasikika sawasawa na "nimeipata Sindh". Napier hakutuma taarifa hiyo. Mtunzi wake ni Catherine Winkworth, msichana ambaye hakuwa ametimiza miaka 17, aliyelipeleka neno hilo kwa jarida la vichekesho la Punch mwaka 1844, na ambaye baadaye alijulikana kwa kutafsiri tenzi za Kijerumani. Neno hilo ni lile linalotamkwa katika kuungama. Napier mwenyewe alikuwa ameandika katika shajara yake kwamba Waingereza hawakuwa na haki ya kuichukua nchi hiyo, na kwamba wangeichukua hata hivyo. Msichana huyo alitamka kwa neno moja ungamo ambalo taarifa rasmi isingelitamka.

Kwa wanafunzi wako, wengi wao wakiwa mashabiki wa mpira, nina mfano mmoja ambao utawaamsha. Nembo ya Arsenal ilikuwa na maneno "Victoria Concordia Crescit" kuanzia mwaka 1949 mpaka ilipobadilishwa mwaka 2002. Tafsiri ya klabu ni "Ushindi hukua kwa umoja". Lakini katika Kilatini, nomino za kundi hilo zinapokuwa kiima huishia na "a" fupi, na zinapoeleza njia ya kutendea huishia na "a" ndefu, na maandishi ya kawaida hayaonyeshi urefu. Kwa sarufi peke yake, maneno hayo yanaweza pia kusomwa "Umoja hukua kwa ushindi". Sidhani kwamba mtunzi alilikusudia hilo, nami nisingependa uliweke katika kundi moja na akina Vernon. Utata si mchezo wa maneno mpaka mtu awe ameutaka. Ila yeyote aliyewahi kukaa na mashabiki timu inaposhinda mechi tano mfululizo, na tena inapofungwa mechi tano, atakuwa na maoni kuhusu tafsiri ipi ni ya kweli, na mjadala huo utawafundisha wanafunzi miishio ya nomino kuliko jedwali lolote.

Sasa kuhusu namna ya kutafsiri. Usijaribu kuunda mchezo wa Kiswahili mahali pa mchezo wa Kilatini, maana utapata sentensi isiyo ya Vernon wala ya kwetu. Weka maneno ya asili, kisha tafsiri mbili, moja chini ya nyingine, bila kuipa mojawapo cheo cha kuwa ndiyo halisi: "Majira ya machipuko hayawi ya kijani siku zote. Vernon hustawi siku zote." Kwa akina Fairfax, ambao jina lao liko sikioni tu, tafsiri moja inatosha pamoja na maelezo ya matamshi. Kwa akina Onslow, eleza jina kwanza kabla ya kaulimbiu, la sivyo hakuna atakayeelewa kwa nini unaeleza.

Na kwa somo la kwanza, baada ya ALISHINDA, andika ubaoni VERNONSEMPERVIRET bila nafasi yoyote, uwape maana za maneno matano, "ver", "non", "Vernon", "semper" na "viret", kisha uwaache wakate wenyewe. Watakaokata baada ya herufi ya tatu watakuletea majira, na watakaokata baada ya herufi ya sita watakuletea mtu. Waache wabishane mpaka kengele ilie, na jina la ukoo uwaambie siku inayofuata.